Deni la Pwani kwa Binti wa Nyasa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, yeye na aali zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Wasomaji watukufu, usiku mmoja wa mwezi wa Shaabani, baada ya darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, nilisoma mbele ya jamaa barua iliyotufikia kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, huko mkoani Ruvuma. Walioandika ni Waislamu wachache wa kijiji kimoja, wakishirikiana na majirani zao Wakristo. Waliomba msaada wa bati na saruji ili wamalize bweni la wasichana na vyoo vyake, kwani mabinti wao wanakwenda shule ya mbali kwa miguu, na wengi hawamalizi masomo. Nilipokunja barua, ndugu mmoja mfanya biashara, mtu mwema mwenye kutoa sadaka, aliuliza kwa adabu: "Sheikh, sisi hapa tuna mayatima wetu na vyuo vyetu vinavuja. Nyasa yatuhusu nini?"

Kabla sijamjibu, mtoto alitoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akaninong'oneza maneno aliyotumwa na kikongwe mmoja: "Bibi amesema mwambieni Sheikh, bibi yake alikuwa Mnyasa."

Jibu langu la usiku ule lilikuwa fupi, kwa kuwa adhana ilikuwa karibu. Haya ninayoyaandika leo ndiyo jibu lenyewe.

NJIA YA KILWA

Atazamaye ramani ataona ya kuwa kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa ni mwendo mrefu wa nyika na mito. Hata hivyo watu wa kale waliuona kuwa ni mwendo wa jirani kwa jirani. Mwaka 1616 Mreno mmoja aitwaye Gaspar Bocarro alitoka Tete, kwenye Mto Zambezi, akapita karibu na Ziwa, akavuka Ruvuma, akatokea Kilwa. Wayao, ambao nchi yao ni baina ya Ruvuma na Ziwa, walikuwa wasafiri hodari wa njia hiyo. Walileta pwani pembe za ndovu na tumbaku, wakarudi na nguo, chumvi na shanga. Kwa njia hiyo hiyo, katika karne ya 19, dini yetu ikapanda bara. Machifu wa Kiyao waliingia katika Uislamu, walimu wakafungua vyuo, na Kiswahili kikawa ni lugha ya soko mpaka ng'ambo ya Ziwa, kule Nkhotakota, walikotawala akina Jumbe waliotoka pwani.

Hiyo ni sehemu ya habari ambayo twapenda kuisimulia. Iko sehemu ya pili, nayo ni ya kweli vile vile, na Mwislamu ameamrishwa kushuhudia haki ijapokuwa ni dhidi ya nafsi yake, au wazazi wake na jamaa zake.

Misafara ile ilileta watu. Hesabu za forodha ya Kilwa zilizopelekwa mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zaonyesha kuwa baina ya mwaka 1862 na 1867 walipitishwa Kilwa watumwa zaidi ya 97,000, na wengi wao walipelekwa Unguja. Walitoka kwa Wayao, Wangindo, Wanyasa na makabila mengine ya nchi za Ziwa. Wengi katika hao walikuwa wanawake na watoto, kwani mtoto hana nguvu ya kutoroka na mwanamke ana mtoto mgongoni. Sayyid Barghash alifunga masoko ya watumwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Lakini waliokwisha kuletwa hawakurudi kwao. Walilima mikarafuu na minazi, wakapika majikoni, wakanyonyesha watoto wa mabwana, na wengine wakazaa na mabwana hao. Watoto wao ni babu zetu na bibi zetu. Mwenye kudai kuwa Nyasa haimhusu, na aulize kwanza shajara ya nyumba yake kwa upande wa mama.

HABARI YA SWEMA

Katika maelfu hayo karibu wote hatujui majina yao. Mmoja twamjua. Aliitwa Swema, naye alikuwa binti wa Kiyao, wa umri wa kama miaka 10, aliyefikishwa Unguja katika miaka ya 1860. Kisa chake alikisimulia mwenyewe kwa mapadri wa misheni ya Kikatoliki iliyokuwapo mjini, kikapigwa chapa Ufaransa mwaka 1870, na wanachuoni wa historia wamekichunguza tena katika zama zetu.

Mama yake Swema alikuwa mjane. Njaa ilipoingia, alikopa nafaka kwa jirani, na siku ya kulipa ilipofika hakuwa na kitu. Msafara ulikuwa umepiga kambi karibu. Yule mdai akamchukua binti kuwa ndiyo malipo ya deni, akamuuza kwa wenye msafara. Mama hakuvumilia kutengana na mwanawe. Akaufuata msafara kwa hiari yake, akakubali kubeba mizigo, ilimradi awe karibu naye. Njiani akadhoofika kwa njaa, akaachwa nyuma, na msafara ukaendelea. Binti alifika Kilwa, akapakiwa jahazini, na alipofika Unguja alikuwa amekonda kiasi cha kudhaniwa maiti. Wakamfukia katika kaburi la kina kifupi naye angali na roho. Mpita njia akasikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa mapadri, nao wakamuuguza akapona.

Ndugu zangu, mimi nimesoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara husita mahali pale pa kaburi. Qur'ani, katika Suratut Takwiir, inatuambia kuwa siku ya Kiyama mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa. Sisi tukiisoma aya hiyo twafikiri habari za Makureshi wa zama za ujahili. Basi hapa, katika kisiwa chenye misikiti, alizikwa binti angali hai, na aliyemtoa kaburini hakuwa mmoja wetu.

Tena Swema alikuwa mtu huru. Mtume (S.A.W.) ametupokelea kutoka kwa Mola wake kuwa wako watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa ndiye mgomvi wao Siku ya Malipo, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, na walimu wa wakati ule walikuwa nayo vifuani. Elimu ilikuwapo, lililokosekana ni mtu wa kusimama njiani.

Ukikiangalia kisa hicho utaona kuwa kilichomwangusha Swema kilianza kabla ya mnyororo. Ulianza umaskini wa mama, likafuata deni, na jamii iliyokuwa jirani haikusimama kumkinga. Mambo hayo matatu hayakukoma mwaka 1876.

WALIOTUTANGULIA

Baada ya misafara, wengine walikwenda Ziwani na kukaa. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifanya makao yake kisiwani Likoma katika miaka ya 1880, ikawa inavuka kwa meli yake kwenda vijiji vya mwambao wa mashariki, vikiwamo vya Liuli. Padri William Percival Johnson alizunguka vijiji hivyo zaidi ya miaka 40, akafa mwaka 1928, na kaburi lake liko Liuli. Upande wa Songea, Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Kisha vikaja Vita vya Majimaji, na tarehe 27 Februari 1906 Wadachi wakawanyonga viongozi wa Wangoni hapo Songea. Nchi ikaingia njaa kubwa. Misheni zikajengwa upya, zikaweka shule na hospitali. Mwaka 1938 likaasisiwa shirika la masista Waafrika la Mtakatifu Agnes, ambalo makao yake ni Chipole. Masista hao walikuwa mabinti wa nchi ile ile, wakawa waalimu na wauguzi wa mabinti wenzao.

Nayataja haya kwa insafu. Ahli zetu wa pwani walipeleka bara dini na lugha, na hilo ni jambo tukufu. Lakini katika kumfundisha binti kusoma, kuandika na kujua mwili wake, wenzetu walitutangulia huko, na hata hapa kwetu. Shule ya serikali ya wasichana ya Unguja haikufunguliwa mpaka mwaka 1927. Wazazi wengi walikataa kuwapeleka mabinti, wakisema kuwa msichana akijua kuandika ataandikia wanaume barua. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika magazeti yake ya Sahifa, mwaka 1930, na Al-Islah, mwaka 1932, aliwanasihi Waislamu wa pwani juu ya kubaki nyuma kwao katika elimu, wakiwamo wanawake. Wako waliomsikiliza na wako waliomlaumu.

Walaumu wale walisahau kuwa Bibi Hafsa, mke wa Mtume, alifundishwa kuandika na Bibi Shifaa bint Abdillah, na Mtume hakukataza bali aliridhia. Walisahau pia hadithi ya mtu aliye na kijakazi, akamfundisha vizuri, akamtia adabu njema, kisha akamwacha huru na kumuoa, kwamba ana ujira mara mbili. Ikiwa kijakazi amewekewa thawabu ya kufundishwa, je, binti uliyemzaa?

BAADA YA UHURU

Katika nchi ya Ruvuma lilifanyika jambo moja baada ya Uhuru ambalo linafaa kukumbukwa. Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, karibu na Songea, na vijiji vingine vikajiunga vikawa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walilima pamoja, wakagawana mapato, wakaendesha shule yao Litowa chini ya Mwalimu Suleman Toroka, ambamo watoto walisoma na kulima, na wazazi waliijua shule kuwa ni mali yao. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Litowa ilikwisha anza. Chama kile kilivunjwa mwezi wa Septemba mwaka 1969 kwa amri ya wakubwa wa TANU, lakini funzo lake halivunjiki: kijiji kikiamua jambo la watoto wake, kinaweza.

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamuru kila mtoto asome shule ya msingi, na ifikapo mwaka 1977 mabinti wa Umatengo na wa Unyasa walikuwa wakiingia darasani pamoja na kaka zao. Mama zao wengi hawakuwahi kushika kalamu.

Lakini darasa la saba si mwisho wa elimu. Juu milimani, Wamatengo wanaishi kwa kahawa na kwa kilimo chao mashuhuri cha ngolo, cha mashimo ya mraba ambayo huhifadhi maji na udongo mlimani. Katika ngolo mwanamume hufyeka majani na kuyapanga, na mwanamke hufukia kwa jembe. Binti hujifunza jembe hilo mapema. Chini mwambaoni, Wanyasa wanaishi kwa dagaa na samaki, mihogo na mpunga. Chama cha ushirika wa kahawa, MBICU, kilipoanguka katika miaka ya 1990, nyumba nyingi zilikosa fedha wakati ule ule ambapo ada za shule zilikuwa zimerudi. Nyumba yenye watoto wanne na ada ya mmoja, mara nyingi ilimchagua wa kiume. Binti akabaki na jembe, au akaolewa, au akapanda basi kuja huku kwetu kufanya kazi za nyumbani. Tazameni jinsi deni la mama yake Swema linavyobadili nguo.

Pamoja na hayo wenyeji hawakukaa kitako. Wamatengo wana desturi ya kale iitwayo sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na wazee wakashauriana na kuwafunza vijana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wataalamu wa Kijapani walishirikiana na wanakijiji wa Kindimba, wilayani Mbinga. Wanakijiji wakafufua jina na roho ya sengu katika kamati yao, wakajenga kinu cha kusaga kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji. Mtu atauliza: kinu na elimu ya binti vina uhusiano gani? Amuulize binti aliyekuwa akitwanga, au kubeba debe la mahindi kichwani kwenda kusaga mbali, kisha akae chini ya koroboi afanye hesabu.

Wilaya ya Mbinga iligawanywa mwaka 2012, na upande wa Ziwa ukawa Wilaya ya Nyasa, makao yake Mbamba Bay. Kutoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay siku hizi kuna lami, mahali ambapo zamani mvua ikinyesha gari lililala njiani. Mwaka 2016 ada za shule za serikali ziliondolewa mpaka kidato cha nne. Basi kilichobaki ni nini? Ni masafa, ni choo, ni maji, ni chakula cha mchana, na ni mtu wa kumshika binti mkono anapobaleghe. Hayo hayaletwi na waraka wa serikali peke yake.

ELIMU ISIYOONEWA HAYA

Zamani binti alipovunja ungo hakuachwa peke yake. Pwani alipewa somo au kungwi. Wayao nao wana unyago wao. Katika mafunzo yale yalikuwamo mema mengi: usafi, adabu, kuheshimu wakubwa, kujua hesabu ya siku zake. Yalikuwamo pia yasiyofaa, na baya kuliko yote ni kumtoa mtoto unyagoni akiambiwa kuwa sasa ni mke. Leo makungwi wamepungua, na mahali pao hapakuwekwa mtu. Mama anaona haya, mwalimu wa shule anaona haya, na sisi masheikh twasoma mlango wa hedhi haraka haraka, huku wanafunzi wa kike wameinamisha vichwa.

Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na jambo walilouliza, hata ikatajwa sifa hiyo, lilikuwa ni hili hili la hedhi na kujitwahirisha. Wanawake wa Madina walimwomba Mtume awawekee siku yao peke yao ya kufundishwa, naye akawawekea. Hiyo ndiyo sunna ambayo tumeiacha: siku ya wanawake, na maswali yaliyo wazi.

Binti asiye na kitambaa safi hukosa shule kila mwezi, na asipokuwa na choo chenye mlango hukosa zaidi. Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019. Haja haikungoja bei. Kikundi cha kina mama chenye cherehani moja chaweza kushona vitambaa vya kufulika vya kutosha shule nzima, nami nimeona wakifanya. Na iko chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchini kote mwezi wa Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Zilienea porojo kuwa inafunga uzazi. Porojo hizo si kweli, na mwenye kuzieneza juu ya mimbari atabeba dhambi ya wale watakaougua.

KOSA LANGU

Naomba sasa niseme jambo langu mwenyewe, kwani asiyejihesabu hana haki ya kuwahesabu wengine.

Miaka mingi iliyopita chuoni kwangu alikuwapo binti wa miaka 13, aliyehifadhi juzuu nyingi kuliko wavulana wote. Baba yake alikuwa na deni. Akaja mwanamume mwenye duka, akaposa. Niliitwa, nikasoma khutba ya nikahi, nikala pilau, nikarudi nyumbani nikalala. Sikumuuliza binti hata neno moja zaidi ya lile la desturi, aliloitikia mama yake kwa niaba yake.

Haukupita mwaka na nusu akaja nyumbani kwangu na mama yake, akakaa mlangoni, akakataa kuingia ndani. Alikuwa amekaa na uchungu siku tatu, mtoto akafa, naye akapata fistula, yaani jeraha la uzazi ambalo huufanya mkojo utoke bila kukoma. Mumewe alikwisha mrudisha kwao. Alikuja kuniuliza hukumu ya sala yake. Nikamjibu kwa ufasaha kama nilivyofundishwa: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia, na sala yake ni sahihi. Akashukuru, akaondoka. Mimi nikabaki nimekaa, nikijua jibu la kila swali isipokuwa lile ambalo hakuniuliza.

Alhamdulillahi, baadaye alipasuliwa akapona, kwani ugonjwa huo una tiba hospitalini, na katika nchi yetu upasuaji wake hufanywa. Lakini miaka yake haikurudi.

Wako watakaosema: Sheikh, sharia imeweka baleghe kuwa ndiyo mpaka. Nawajibu kwa Suratun Nisaa. Mwenyezi Mungu ametuamuru tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha tukiona kwao rushdi, yaani upevu wa akili na uangalizi, ndipo tuwakabidhi mali zao. Mambo mawili yametajwa, baleghe na rushdi. Ikiwa mali ya shilingi haikabidhiwi bila rushdi, vipi tutamkabidhi mtoto nyumba, mume na mimba? Na kanuni ya fiqhi inasema kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana. Daktari mwaminifu akithibitisha kuwa nyonga ya mtoto haijakomaa, hiyo ni bayana ya madhara.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Bibi Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Mwaka huo huo wa 2016 iliwekwa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Na mwezi wa Novemba 2021 serikali ikatangaza kuwa binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito aweza kurudi shule. Juu ya hili la mwisho nimesikia maneno makali misikitini, kwamba ni kuruhusu zinaa. La! Zinaa ni haramu jana, leo na kesho. Lakini toba imefunguliwa mlango na Mola mwenyewe, na wengi wa mabinti hao wametendwa na watu wazima ambao hakuna aliyewasimamisha mimbarini. Tumeacha mkosaji akiwa huru, tukamfungia mlango mtoto.

NINI LA KUFANYA

Kwanza, tumalize bweni lile. Binti anayelala karibu na darasa hapiti porini alfajiri wala hapandi bodaboda ya mtu asiyemjua. Serikali kwa upande wake imejenga shule za wasichana za mikoa, na ya Ruvuma iko Namtumbo. Lakini kutoka mwambao wa Ziwa ni mbali, na si kila binti atapata nafasi huko.

Pili, kila chuo cha Qur'ani kiwe na siku moja ya mabinti kila wiki, ikifundishwa na mwalimu wa kike, pamoja na muuguzi, na kungwi mwenye hekima. Wasomeshwe tohara, afya, hesabu za akiba, na kusimama mbele ya wenzao wakasema wanalolijua. Binti aliyezoea kusoma Qur'ani kwa sauti mbele ya watu hashindwi kusema "sitaki".

Tatu, na hili ni la majumbani mwetu hasa. Wengi wetu tuna msichana wa kazi kutoka bara. Mwamkia alfajiri kwa kumtuma maji, mwamlaza wa mwisho. Je, ana miaka mingapi? Sheria ya ajira ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyetimiza 14 angali mtoto. Mshahara wake unafika mkononi mwake? Anasoma? Amefundishwa hata Alhamdu, au yule asiye wa dini yetu ameruhusiwa kwenda kanisani kwake? Babu zetu walipokea mabinti wa Nyasa jahazini. Sisi twawapokea kituo cha basi. Tofauti ya mapokezi hayo mawili iko mikononi mwetu.

Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa mwenye kulea mabinti wawili mpaka wakabaleghe atakuwa pamoja naye Siku ya Kiyama, akaunganisha vidole vyake. Hakusema wawe wa kuzaa wewe.

Ama yule ndugu aliyeuliza, Ijumaa iliyofuata alinijia na bahasha. Aliniambia kuwa alimwuliza mama yake habari ya bibi yake, na mama akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akamtajia jina ambalo si la pwani. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikumuuliza.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotutangulia, na usituache tukarudia makosa yao hali tunayajua. Wahifadhi mabinti wetu, wa pwani na wa Ziwani, uwape afya na elimu na stara. Amin.

Wabillahi tawfiq.